Kabichi ya Bluu kwenye Dirisha la Pili

Siku ilikuwa Alhamisi, saa ilikuwa tano na robo asubuhi, na mvua nyepesi ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Ilikuwa mvua ya aina ile isiyomlowesha mtu upesi, lakini haimwachi akauke.

Kantini ya kiwanda cha kushona sare ilikuwa na madirisha mawili ya kutolea chakula. Dirisha la kwanza lilikuwa la chakula cha moto. Mwenye dirisha hilo alikuwa mpishi mkuu, mzee mnene mwenye taulo begani, ambaye kiwanda kizima kilimwita Mzee Mvuke. Dirisha la pili lilikuwa na umri wa miezi mitatu. Nyuma yake hapakuwa na jiko wala sufuria. Palikuwa na meza ya bati, mbao tatu za kukatia, visu vinne, na mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na mmoja aliyetoa chakula kibichi peke yake: kabichi, karoti zilizokunwa, matango, nyanya, parachichi, papai na mbegu za maboga. Walimwita Bi Mbichi. Jina hilo lilianza kama kejeli. Yeye alilichukua, akaliandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya dirisha lake, na kejeli ikaishia hapo.

Kabla ya dirisha hilo, kwa miaka kumi na mmoja, kazi yake ilikuwa kusugua sufuria za Mzee Mvuke. Aliomba dirisha mara nne. Mara ya nne uongozi ulimpa miezi mitatu ya majaribio, na miezi hiyo ilikuwa inakwisha siku hiyo ya Alhamisi. Saa sita kamili kamati ya watu watatu ingefika, ingekula, na ingeamua. Dirisha likibaki, angebaki nalo. Likifungwa, angerudi kwenye sinki.

"Sufuria zinakuulizia," Mzee Mvuke alimwambia akiwa anakoroga maharage. "Zimenituma nikupe salamu."

"Ziambie nimehama, Mzee. Wala sikuacha anwani."

"Ukirudi utazikuta. Hazina haraka."

Bi Mbichi alichungulia nje kwenye mvua. Alikuwa na shida nyingine. Gari la mboga lilikuwa limekwama kwenye matope, na matango na mchicha havikuwa vimefika.

Kwa mtu mwingine, kukosa matango ni kukosa matango tu. Kwa Bi Mbichi lilikuwa jambo la chati. Kando ya dirisha alikuwa amebandika karatasi kubwa ya manila yenye safu mbili. Safu ya kushoto iliitwa ASIDI, na ndani yake mlikuwa na nyama, mayai, sukari, unga mweupe na maharage. Safu ya kulia iliitwa ALKALI, na ndani yake mlikuwa na karibu kila kitu alichokiuza, pamoja na limau. Alikuwa ameitoa kwenye kijitabu cha walaji wa vyakula vibichi. Kijitabu kilisema kwamba mwili unapaswa kulishwa zaidi upande wa alkali. Bi Mbichi aliteswa na kiungulia kwa miaka mingi, akaanza kula majani mabichi, akapata nafuu. Tangu hapo hakuwa na swali kwa kijitabu hicho.

Mwenye maswali alikuwa wifi yake. Huyo alikuwa dada wa mumewe, fundi wa maabara katika shule ya sekondari, mwanamke aliyepima hata chumvi ya mboga kwa kijiko cha dawa. Jumapili iliyopita alikuja kutembea, akaikuta chati, iliyonakiliwa upya, mezani inakauka wino.

"Wifi," alisema, "limau liko upande wa alkali?"

"Kijitabu kinasema likishaingia mwilini linageuka."

"Linageuka linakuwa nani?"

"Linakuwa alkali."

"Haya. Siku likikurukia jichoni, usipige kelele. Subiri ligeuke."

Bi Mbichi alicheka, lakini hakulifuta limau.

Sasa, saa tano na robo, aliitazama safu ya kulia na kuona mapengo mawili. Matango hayapo. Mchicha haupo. Kamati itasoma chati, kisha itatazama meza, na itaona kwamba upande wa alkali umepungua. Alifikiri kwa dakika moja. Kama alkali imepungua, alijiambia, basi iongezwe. Alimwomba Mzee Mvuke kopo la magadi, yale anayolainishia maharage. Kila mtu anajua kwamba magadi ni alkali. Hata kopo liliandikwa hivyo. Alikoroga vijiko viwili kwenye beseni la maji, akatumbukiza humo kabichi tatu za zambarau alizozikata nyembamba kama nyuzi, akaliacha beseni stoo.

Taa ya stoo ilikuwa imeungua tangu Jumatatu. Nusu saa baadaye aliitoa kabichi kwa kupapasa gizani, akaikamua, akaipanga kwenye trei ndefu, akaweka vipande vinne vya limau kwenye pembe nne kama pambo, na akafunika trei kwa kitambaa cheupe. Kisha akaosha mikono na kuvaa aproni safi.

Saa sita kamili king'ora kililia. Kamati iliingia.

Wa kwanza alikuwa meneja wa kiwanda, bwana mrefu mwenye kiungulia cha kudumu, aliyetembea na pakiti ya vidonge kwenye mfuko wa shati na kutafuna kimoja kila baada ya kikao. Wa pili alikuwa muuguzi wa zahanati ya kiwanda, ambaye wote walimwita Sista. Wa tatu alikuwa mwakilishi wa wafanyakazi, jitu la misuli kutoka meza za kupigia pasi. Jina lake kazini lilikuwa Kaka Pasi. Nyuma yao wafanyakazi walianza kupanga foleni mbili.

"Karibuni dirisha la pili," Bi Mbichi alisema. Akakiondoa kitambaa.

Kabichi ilikuwa bluu.

Haikuwa bluu ya kubabaisha. Ilikuwa ile bluu iliyoiva ya sare za walinzi, ambazo wiki hiyo kiwanda kilikuwa kikizishona kwa maelfu, na ambazo kitambaa chake kilitiwa rangi kwenye mapipa ya uani, hatua thelathini kutoka jikoni. Kila mtu kwenye foleni aliijua rangi hiyo. Wengine walikuwa nayo kwenye kucha.

Walio mbele walirudi hatua moja nyuma. Kisha mshonaji mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Rangi ya mapipa imeingia kwenye maji?"

Swali hilo lilipita kwenye foleni zote mbili kabla ya meneja kufungua kinywa.

"Hicho ni nini?" meneja aliuliza.

"Ni kabichi, bosi."

"Kabichi ninaijua. Hiyo ni nini?"

Bi Mbichi aliitazama trei yake kama mtu anayetazama mtoto wa jirani aliyekuja amevaa nguo za mwanawe. Meneja alitafuna kidonge, akatoa maagizo matatu: trei itupwe, madirisha yote mawili yafungwe, na maji ya jikoni yakatwe mpaka yapimwe.

"Yote mawili?" Mzee Mvuke alitoka nyuma ya jiko na mwiko mkononi. "Bosi, nina maharage ya watu mia mbili hapa."

"Umeyapika kwa maji gani?"

Mzee Mvuke aliitazama sufuria yake. Kisha akamgeukia Bi Mbichi. "Mama wewe. Sufuria zangu umezikimbia, sawa. Sasa hata moto wangu umeuzima."

Bi Mbichi aliinua trei kwenda kuitupa. Alipogeuka, trei iliinama. Kipande kimoja cha limau kiliteleza kutoka pembeni.

Chini yake palikuwa na duara la waridi.

Alisimama. Aliweka trei mezani. Akainua kipande cha pili, na cha tatu, na cha nne. Pembe nne, madoa manne ya waridi, katikati ya bahari ya bluu. Aliyatazama kwa utulivu wa mtu aliyesugua sufuria miaka kumi na mmoja, na ambaye kwa hiyo anajua kwamba doa lolote lina sababu.

"Bosi," alisema, "naomba dakika tano."

"Za nini?"

"Za kukuonyesha hii ni nini."

Meneja alitazama saa yake. Sista akasema, "Mpe. Kutupa hakuchukui dakika tano." Meneja akaashiria maagizo yote yasubiri.

Bi Mbichi aliingia stoo na kumpigia wifi yake. Simu ilipokelewa kukiwa na kelele za darasa nyuma.

"Wifi, kabichi yangu ya zambarau imekuwa bluu mbele ya foleni, na wananishuku. Penye limau imekuwa waridi."

"Umeiloweka kwenye nini?"

"Maji."

"Na?"

"Na magadi kidogo."

Upande wa pili kulisikika kicheko kilichozuiwa kwa kiganja. "Wifi yangu. Mimi hilo jaribio nalifanya kila mwaka na wanafunzi, tena kwa chupa. Wewe umelifanya kwa trei, mbele ya watu mia mbili."

"Nisaidie, utacheka jioni."

"Huhitaji msaada. Rangi ya kabichi hiyo inabadilika yenyewe. Asidi inaipeleka kwenye waridi, alkali inaipeleka kwenye bluu, na maji matupu yanaiacha zambarau. Wanashuku umetia nini?"

"Rangi ya nguo."

"Basi waletee hiyo rangi ya nguo, uitie limau. Haitasogea. Nenda."

Bi Mbichi alirudi. Alimwomba Kaka Pasi aende uani akalete rangi ya bluu kutoka kwenye pipa, nusu glasi tu, na asiimwage njiani. Kaka Pasi hakuuliza sababu. Alikwenda kwa mbio ambazo watu hawakuwahi kuziona kwake, na alirudi akiwa ameishika glasi kwa vidole viwili.

Wakati huo Bi Mbichi alikuwa amekata kabichi mpya, akaitwanga, na kuikamua kwenye jagi. Maji yake yalikuwa ya zambarau iliyokolea. Aliinua jagi juu ili hata wa mwisho kwenye foleni aone.

"Hii haijaguswa na kitu," alisema. "Sasa naomba Sista ajaze glasi hii maji ya bomba. Mwenyewe, kwa mkono wake."

Sista alijaza. Bi Mbichi alimimina humo maji kidogo ya kabichi. Rangi ilififia, lakini ilibaki zambarau.

"Maji ya bomba hayana neno," alisema. "Mzee, maharage yako ni mazima."

"Nilijua," alisema Mzee Mvuke, ambaye hakujua.

Katika glasi ya pili aliweka maji ya kabichi na ncha ya kijiko ya magadi. Glasi iligeuka bluu mbele ya macho ya watu, bluu ileile ya trei. Foleni ilisogea mbele bila kuambiwa. Katika glasi ya tatu alikamulia limau, na glasi ikawa waridi. Kisha akaichukua glasi ya Kaka Pasi, yenye rangi ya mapipa, akakamulia humo limau zima, mpaka likabaki ganda. Bluu ilibaki bluu. Alikoroga. Bluu ilibaki bluu.

"Rangi ya nguo hailiogopi limau," alisema. "Kabichi inaliogopa. Kwenye trei yangu hakuna rangi ya nguo."

Mtu mmoja nyuma alipiga kofi moja, akaona yuko peke yake, akaacha. Meneja hakuwa ametabasamu bado. Alikuwa mtu wa nyuzi na vifungo, na alitaka kuona mshono kutoka pande zote mbili.

"Limau ni lako, magadi ni yako," alisema. "Nitajuaje kwamba hujaniandalia mchezo?"

Bi Mbichi alinyoosha mkono. "Basi naomba kitu ambacho si changu. Naomba kidonge chako, bosi."

"Kidonge changu?"

"Cha kiungulia. Kimoja tu."

Meneja alisita, kisha akakitoa. Bi Mbichi alikisaga kwa tumbo la kijiko, akakitumbukiza kwenye glasi ya waridi, ile yenye limau. Povu dogo lilipanda. Akaongeza cha pili, ambacho meneja alikitoa bila kuombwa, na cha tatu. Alikoroga taratibu. Waridi ikalegea, ikawa zambarau, na zambarau ikaanza kuelekea bluu.

Meneja aliinama mpaka pua yake ikakaribia glasi. "Kwa hiyo hiki ndicho kinachofanyika tumboni mwangu kila siku."

"Kwa kiasi," alisema Sista. "Tumboni mwako pana asidi kali kuliko limau."

Hapo makofi yalikuja kwa wingi, na aliyepiga la kwanza alirudi kupiga tena.

Lakini Sista hakuwa amemaliza. Alikuwa amesimama mbele ya chati, mikono nyuma, anasoma.

"Bi Mbichi," alisema, "umetuonyesha vizuri sana kwamba limau ni asidi. Hapa umeliandika wapi?"

Watu wote waligeuka. Limau lilikuwa upande wa kulia, kwa herufi kubwa, chini ya neno ALKALI. Mzee Mvuke alianza kucheka mabega yakitikisika, na foleni ikamfuata.

Bi Mbichi angeweza kusema kwamba kijitabu kinasema linageuka. Sentensi hiyo ilikuwa tayari mdomoni. Aliitazama glasi yenye limau, akaimeza sentensi hiyo.

"Nimekosea," alisema. "Na kabichi ni kosa langu pia. Matango hayakufika, nikaona alkali imepungua, nikatia magadi. Nililisha chati badala ya kulisha watu."

Kicheko kilikatika.

"Damu ina kiwango chake," Sista alisema, sasa kwa sauti ya upole. "Mapafu na figo ndiyo yanayokilinda, usiku na mchana, ule limau au ule mkate. Chakula chako hakiibadilishi damu. Lakini wafanyakazi hawa walikuwa hawali jani bichi hata moja kwa wiki. Mimi ndiye ninayewapa dawa ya kufungua choo. Kwa miezi miwili sasa chupa moja inanitosha mahali palipokuwa panahitaji nne."

"Sista," alisema Kaka Pasi, "tuko kwenye chakula."

"Na wewe ulikuwa mteja wangu mkubwa."

Foleni ilipasuka kwa kicheko, na safari hii Kaka Pasi alikuwa wa kwanza.

"Na maharage je?" Mzee Mvuke aliuliza. "Miezi mitatu nasoma jina lao pale kwenye safu ya wabaya."

"Maharage hayana kosa," alisema Sista. "Ila yasiliwe mabichi. Hayo lazima yapite kwako."

Mzee Mvuke alivuta taulo lake begani kama mtu aliyevikwa nishani.

Bi Mbichi alimwomba Kaka Pasi mkasi wa nyuzi aliokuwa nao mfukoni. Aliibandua chati, akakata ukanda wa juu wenye maneno ASIDI na ALKALI, akautia kwenye pipa la taka. Kisha akakata katikati, akatupa safu ya kushoto yote. Kilichobaki kilikuwa orodha ya mboga na matunda. Akakibandika tena. Kilikaa kimepinda kidogo, na hakuna aliyelalamika.

Halafu akaisuuza kabichi ya trei kwa maji safi mara tatu, mpaka utelezi wa magadi ukaisha. Akachanganya karoti, parachichi na mbegu za maboga, akakamua malimau sita juu yake mbele ya wote. Bluu ilikimbia kutoka ukingo mpaka ukingo. Trei nzima ikawa waridi, waridi ya kung'aa, na katika kantini ile ya kuta za kijivu haikuwahi kuonekana rangi nzuri kama hiyo kwenye sahani.

"Nani wa kwanza?" aliuliza.

Kamati ilikula. Meneja alitafuna kwa muda mrefu, akiwa ametazama dirisha la kwanza, kisha la pili.

"Kura," alisema.

Kaka Pasi aliinua mkono akiwa bado ameshika uma. Sista aliinua wake. Meneja alifuta mdomo, akainua wa tatu.

"Dirisha linabaki," alisema. "Kwenye sinki atafutwe mtu mwingine. Na usinitilie tena magadi."

"Sitilii, bosi."

Alijibu kwa sauti ya kawaida. Kisha akaingia stoo gizani, akashika rafu kwa mikono miwili, na kwa muda wa pumzi tatu au nne akacheka peke yake bila kutoa sauti. Aliporudi dirishani foleni ya pili ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza. Kwa miezi mitatu hilo halikuwahi kutokea.

Baada ya hapo kila mmoja alifanya lake. Meneja alitia saini karatasi ya dirisha kabla ya saa saba, akasahau pakiti ya vidonge kwenye meza ya bati, na akamtuma katibu wake aifuate saa nane. Sista alizibeba glasi tatu hadi zahanati, akazipanga dirishani, na alasiri yote alimweleza kila aliyeuliza. Kaka Pasi alikula sahani mbili, akarudi kwenye pasi akiwa amechelewa dakika nne. Mzee Mvuke alilipandisha kopo la magadi kwenye rafu ya juu kabisa, akamaliza maharage yote, na akasugua sufuria zake mwenyewe mpaka Jumatatu, alipopatikana mtu wa sinki. Wifi alimaliza kipindi, akapita kiwandani saa kumi na moja, akacheka kama alivyokuwa ameahidiwa, na akaondoka na kabichi moja ya zambarau kwa ajili ya wanafunzi wake. Bi Mbichi alinunua balbu, akapanda juu ya kiti, na kuiweka stoo. Kisha akaosha visu vinne, akavipanga, na akaandika orodha ya mboga za Ijumaa. Ilianza na malimau.